Fundi wa Kondele anauliza: Ninunue kamera gani ya joto ya kutafuta maji ukutani?

Swali: "Salamu mwalimu. Mimi ni fundi wa Kondele, Kisumu. Nilianza na kuosha mazulia, siku hizi nakausha nyumba zilizoingiwa na maji na kurudishia dari na plasta. Nimeweka akiba ya shilingi laki moja na nusu ninunue kamera ya joto. Muuzaji mmoja wa Nairobi ananisukumia inayopima hadi nyuzi 550, mwingine anasema ya kuchomeka kwenye simu inatosha. Sasa hivi nina kazi Mamboleo: dari ya jipsamu ya nyumba ya chini ina doa, juu yake ni bafu la mpangaji mwingine. Mwenye nyumba amepaka rangi mara tatu na doa linarudi. Je, kamera itanionyesha maji yanatoka wapi? Na nikipeleka picha kwa watu wa bima, itatosha kuonyesha kwamba nyumba imekauka?"

Salamu nimezipokea, ndugu fundi. Nianze na jambo ambalo muuzaji hatakuambia: kamera ya joto haioni maji. Haioni ndani ya ukuta wala nyuma ya dari. Inachopokea ni miale ya joto inayotoka kwenye uso wa kitu, ile yenye urefu wa wimbi wa maikromita 8 hadi 14 hivi, na kuigeuza kuwa picha ya rangi. Ukuta ulioloa huonekana kwa sababu mbili tu. Ya kwanza, maji yanapokauka huondoka na joto la ukuta, kama vile mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Ya pili, maji huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, kwa hiyo sehemu iliyoloa hubaki nyuma wakati ukuta mzima unapashwa na jua au kupozwa na usiku. Sababu zote mbili zikikosekana, ukuta unaweza kuwa chepechepe na kamera ya bei yoyote ikakuonyesha rangi moja kutoka pembe hadi pembe.

Hapo ndipo Kisumu ina ugumu wake. Chukua chumba chenye hewa ya nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 60. Kitambaa kilicholoa kikipigwa na feni humo kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 22. Tofauti ya nyuzi 6 hata kamera duni itaiona. Sasa chukua chumba hichohicho, bomba limepasuka juzi, madirisha yamefungwa, unyevu wa hewa umepanda hadi asilimia 90: kitambaa kitashuka nyuzi moja na kidogo tu. Na ukuta uliopakwa rangi haufuati kitambaa, kwa sababu rangi huyazuia maji kutoka. Mara nyingi unabaki na nusu nyuzi ya kufanyia kazi. Mwenzako wa Nakuru, mji ulio juu kuliko Kisumu kwa zaidi ya mita 600 na wenye usiku wa baridi, anaweza kuamka alfajiri akakuta tofauti imeshajitengeneza yenyewe. Wewe wa kando ya ziwa unahitaji kamera inayohisi tofauti ndogo sana, kisha ujifunze kuikuza tofauti hiyo kabla hujaiwasha kamera.

Kwa hiyo dukani uliza kwanza namba inayoandikwa NETD. Ndiyo tofauti ndogo kabisa ya joto ambayo kamera inaweza kuitenga na chenga zake yenyewe. Huhesabiwa kwa milikelvini, na milikelvini 1,000 ndiyo nyuzi moja. Kamera ya milikelvini 100 ikikutana na doa lenye tofauti ya nusu nyuzi, doa litamezwa nusu na chenga, kama picha ya televisheni ambayo antena yake imeyumba. Ya milikelvini 40 itakuonyesha kingo za doa hilo, mahali linapoanza na mahali linapoishia. Namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri, na kwa kazi ya maji usikubali inayozidi 50.

Zile nyuzi 550 mwachie fundi wa umeme na mtu wa tanuri. Kazi yako yote itaishia kati ya nyuzi 15 na 45. Vilevile usitishwe na maandishi kwamba kamera inaweza kukosea nyuzi 2 juu au chini. Zinakaribia zote kuandikwa hivyo. Wewe hutafuti joto kamili la ukuta, unalinganisha sehemu moja na jirani yake ndani ya picha ileile.

Baada ya hapo njoo kwenye pikseli, lakini uliza pikseli za kihisi chenyewe. Wauzaji hupenda kutaja pikseli za kioo, au zile zilizoongezwa na programu baada ya picha kupigwa. Kihisi kinaweza kuwa cha 80 kwa 60, 160 kwa 120, 256 kwa 192, au 320 kwa 240. Maana yake utaiona ukiweka hesabu. Kamera ya FLIR C5 ina pikseli 160 kwa 120 na lenzi inayofungua pembe ya nyuzi 54. Ukisimama mita 3 kutoka ukutani, pikseli moja inafunika karibu sentimita 2. FLIR E8-XT yenye 320 kwa 240 na lenzi ya nyuzi 45 inafunika milimita 8 hivi kutoka hapohapo. Ili uamini unachokiona, kitu kifunike angalau pikseli 3. Mchirizi wa upana wa vidole viwili utapotea kwenye ya kwanza na kuonekana kwenye ya pili. Ila sisi hatuangalii nguzo za stima kutoka barabarani. Dari ya nyumba ya kawaida iko mita moja na nusu juu ya bega lako, na ukutani unaweza kusogea. Ndiyo maana sikushauri ukope ili ufikie 320 kwa 240. Kwa vyumba vyetu 256 kwa 192 inatosha vizuri, na lenzi iwe pana, kwa sababu katika bafu la mita mbili huna pa kurudi nyuma. C5 ningeiacha kwa sababu ya ile namba ya kwanza: NETD yake ni 70.

Kuna jambo moja ambalo naliona kubwa kuliko pikseli zote hizi, nalo ni uwezo wa kufunga mizani ya rangi. Kamera ikiachwa ijiamulie, inachukua kitu baridi kuliko vyote na chenye moto kuliko vyote katika picha na kugawa rangi kati yao. Balbu moja ikiingia kwenye picha, mizani inanyooka kutoka nyuzi 24 hadi 60, na ukuta wote unakuwa zambarau. Doa lako la nusu nyuzi limekwisha. Ukiweza kuifunga mizani kwa mkono, tuseme kati ya nyuzi 24 na 28, doa linajitokeza. Na kinyume chake ni hatari zaidi: elekeza kamera ikiwa inajiamulia kwenye ukuta mkavu kabisa, wenye tofauti ya sehemu sita za kumi za nyuzi, nayo itauchora bluu na nyekundu kama ramani ya mafuriko. Mwenye nyumba akichungulia begani kwako wakati huo, atakuamuru ubomoe.

Hilo lilinipata Milimani, hapo Kisumu, miaka kadhaa iliyopita. Kona ya dari ilikuwa na doa la bluu la ukubwa wa sahani, nami nikakata jipsamu. Juu yake palikuwa pakavu. Vumbi la saruji lilikuwa limelala vilevile tangu siku ya ujenzi, na nilipopitisha mkono nilihisi upepo: ubao wa pembeni mwa paa ulikuwa umeachia, hewa ya usiku inaingia na kupoza kona ile. Kipima unyevu kilikuwa garini na sikukitoa. Dari niliirudishia kwa pesa yangu, na kuanzia siku hiyo sijakata kitu kwa ushahidi wa kamera peke yake.

Ndiyo sababu katika laki moja na nusu yako, kipima unyevu kinunuliwe kwanza. Kamera inakuambia pa kupima. Kipima ndicho kinachosema kama pameloa. Tafuta kinachofanya kazi kwa njia mbili: cha pini, ambazo unazidunga ndani na kifaa kinapima jinsi umeme unavyopita kati yake, na cha kubandika bila kutoboa. Cha kubandika ni kizuri kwa kupita haraka kwenye vigae na dari iliyopakwa rangi. Cha pini kinafuata pale unapotaka uhakika. Kwenye mbao namba yake ni asilimia halisi ya unyevu. Kwenye plasta na saruji namba hiyo ni ya kulinganisha tu, kwa hiyo pima kwanza ukuta mkavu wa nyumba hiyohiyo, uandike, halafu ndipo upime penye mashaka. Angalia pia chumvi. Ukuta wa matofali ya kuchoma uliovuta maji kutoka ardhini kwa miaka mingi hujaa chumvi nyeupe, na chumvi ikipata unyevu kidogo tu wa hewa hupitisha umeme, ukasoma ukuta umeloa hata baada ya maji kuondoka.

Viko vifaa vinavyounganisha vyote viwili, kama FLIR MR160, ambayo ni kipima unyevu chenye kamera ndogo ya 80 kwa 60 ndani yake. Kwa mtu anayefanya ukaguzi wa haraka ni kitu kizuri. Wewe unayepaswa kumwonyesha mteja na bima picha inayoeleweka, pikseli hizo ni chache mno.

Sasa ya simu. Muuzaji wako wa pili hakudanganyi kwa upande wa picha. InfiRay P2 Pro na Topdon TC001 zote zina kihisi cha 256 kwa 192, na wenyewe wanaandika NETD ya 40. Shida ni ya mikononi. Unafanya kazi vidole vimeloa, uko juu ya ngazi, simu ina kifaa kimechomoza chini yake ambacho kikigonga fremu ya mlango kinavunja tundu la chaji. Mteja anapiga simu katikati ya kazi. Simu ikibadilika au programu ikiacha kusasishwa, kamera yako imekufa ikiwa nzima. Kama ungekuwa na elfu sitini ningekuambia chukua ya simu na kipima kizuri, uanze kazi. Kwa pesa uliyonayo, chukua ya kushika mkononi ya daraja lilelile la 256 kwa 192, mfano Hikmicro B20, na kabla hujalipa mwambie muuzaji akuonyeshe kwa macho yako mizani ikifungwa kwa mkono. Asipoweza, tafuta nyingine. Kitakachobaki nunua kipima, na kidude kidogo cha kupima joto na unyevu wa hewa, maana bila hicho hujui kama leo ukuta una uwezo wa kuonekana au la.

Usisumbuliwe na kasi. Nyingi zimewekewa kikomo cha picha 9 kwa sekunde kwa sababu sheria za Marekani za kuuza bidhaa nje hubana zile za haraka zaidi. Ukuta haukimbii.

Ukienda kununua kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, fanya jaribio hili hapohapo dukani. Iwashe kamera uiache dakika kumi itulie. Utasikia inabofya mara kwa mara, hapo inajisawazisha. Bandika kiganja ukutani kwa kuhesabu hadi tano, ukitoe, rudi nyuma hatua tatu. Vidole vitano vitaonekana vinang'aa ukutani. Hesabu ni sekunde ngapi kabla vidole havijafifia. Rudia na kamera nyingine, ukuta uleule. Ile inayoviweka vidole kwa muda mrefu ndiyo itakayokuonyesha doa la Kisumu. Halafu chovya kidole kwenye maji, chora mstari ukutani, uutazame unavyozidi kuwa baridi jinsi unavyokauka.

Ukishaipata, jihadhari na vitu vinavyong'aa. Plasta, mbao na rangi ya ukutani hutoa miale yake vizuri, ndiyo maana emisiviti, yaani kipimo cha jinsi uso unavyotoa miale yake, huwekwa 0.95 kwenye kamera na kuachwa hapo. Mabati mapya, alumini na chuma kilichosuguliwa hutoa kidogo sana na kurudisha miale ya vitu vingine kama kioo, hivyo doa la baridi kwenye mabati laweza kuwa ni anga. Vigae vya bafu pia hurudisha kiasi, na joto la mwili wako mwenyewe huonekana juu yake. Sogea hatua moja kando. Doa likisogea nawe, si maji.

Neno kidogo kuhusu mafuriko, kwa kuwa najua utaitwa huko. Nyumba za tambarare za Kano mto Nyando unapofurika, za Budalangi, au za Dunga ziwa lilipopanda mwaka 2020, hazihitaji kamera kuamua. Maji yale yamepita vyooni na mashambani. Mwongozo wa kazi hii unaotumika Marekani, S500 wa taasisi ya IICRC, unayaweka katika daraja la 3, la chini kabisa kwa usafi. Jipsamu, mazulia na magodoro yaliyoguswa nayo hutolewa, yawe yamekauka au hayajakauka. Kamera inakufaa zaidi kwa maji safi yaliyojificha: bomba, tangi, paa, bafu. Na popote pale, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kukanyaga sakafu iliyoloa.

Tuje Mamboleo. Rangi mara tatu imelifunika doa bila kuyazuia maji, na kila koti jipya linafanya dari itoe unyevu polepole zaidi, ndiyo kusema kamera itaona kidogo zaidi. Juu ya dari hiyo kuna slabu na juu ya slabu kuna bafu. Washukiwa ni watatu. Bomba linaloleta maji huvuja mchana na usiku, watu wawepo wasiwepo. Bomba la maji machafu huvuja tu maji yanapoteremka. Viungo vya vigae huvuja tu sakafu inapoloa. Kamera haiwezi kukutajia jina la mhalifu, wewe ndiye utakayewatenganisha.

Mwombe mpangaji wa juu asioge humo siku nzima, ikiwezekana mbili. Fungua madirisha chini, washa feni ielekee darini, na kesho yake simama mahali pamoja, weka kipande cha utepe sakafuni ili kila siku miguu irudi hapohapo. Funga mizani, piga picha ya kwanza. Pima doa kwa pini na uandike. Kisha fungeni mifereji yote ya juu na mtazame mita ya maji. Kama sindano inatembea huku hakuna anayetumia maji, mshukiwa mkuu ni bomba la kuleta maji.

Isipotembea, chukua ndoo ya maji ya moto ya kuogea, nyuzi 40 hivi, uyamimine taratibu moja kwa moja kwenye tundu la kutolea maji bila kulowesha vigae. Maji ya moto ndiyo siri: unatengeneza tofauti ambayo hali ya hewa imekunyima. Mwenzako abaki chini na kamera kwa nusu saa. Pasipotokea kitu, ziba tundu kwa kitambaa, mimina ndoo ya pili sakafuni iloweshe vigae vyote, iache saa nzima. Ya tatu irushie ukutani, pale shawa inapopiga, kwa sababu kiungo kati ya ukuta na sakafu ndicho kinachofunguka kwanza. Acha muda wa kutosha kati ya ndoo na ndoo, ama hutajua ni ipi iliyoleta maji. Jipsamu ikianza kubadilika rangi kwenye kamera, huenda maji mapya yamefika. Dunga pini, na namba ikipanda ndipo ukate, tundu la upana wa kiganja, umulike slabu kwa tochi.

Fanya haya asubuhi. Tangi jeusi la plastiki juu ya paa likishapigwa na jua la saa nane, maji yanayoshuka yenyewe huwa ya uvuguvugu, na uvujaji uliokuwa doa la baridi asubuhi unaweza kuonekana wa moto mchana. Fundi asiyelijua hilo anaruka doa kwa sababu alikuwa akitafuta rangi ya bluu.

Kuhusu bima: hapana, picha ya joto peke yake haithibitishi kwamba nyumba imekauka. Ukuta wenye unyevu ndani lakini uso wake umelingana joto na chumba utatokea msafi kabisa kwenye picha. Mkadiriaji anayeijua kazi atakukataa, na atakuwa na haki. Mpe kila sehemu ikiwa na vitu vinne pamoja: picha ya kawaida, picha ya joto ya pembe ileile, namba ya kipima, na saa pamoja na joto na unyevu wa hewa wa wakati huo. Weka pia namba ya ukuta mkavu uliolinganisha nao, kwa kuwa hiyo ndiyo shabaha: umekauka pale penye maji panaposoma karibu sawa na pasipowahi kuloa. Andika saa uliyoitwa na saa uliyoanza kukausha. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, hushauri vilivyoloa vikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 ili ukungu usiote, na mteja aliyekaa siku tano kabla ya kukuita asije akakulaumu kwa ukungu uliokuta umeshika. Chagua kamera inayohifadhi joto la kila pikseli ndani ya picha, ili mizani uweze kuirekebisha baadaye kwenye kompyuta badala ya kurudi Mamboleo kupiga upya.

Kabla hujamruhusu mwenye nyumba apake rangi ya nne, pima siku tatu mfululizo bafu likiwa linatumika kama kawaida. Na tafadhali niandikie ni ndoo ya ngapi iliyoleta doa.